Ukuta Nyuma ya Kiti ya Mzee

Mtu akifungua mkebe ya rangi kabla hajaosha ukuta, mimi siwezi kupita nikanyamaza. Sitanii. Hata leo nikipita kwa nyumba ya mtu nione fundi amepanda juu ya meza, anapaka rangi nyeupe juu ya masizi, juu ya utando ya buibui, juu ya mende mwenye bado anachezesha mguu, nasimama hapo mlangoni namwambia, "Wee kijana, unapaka mtoto mafuta na hujamwogesha?" Wananicheka. Wacha wacheke. Mimi nimeona yenye nimeona, na yenye nimeona ilikuwa na harufu.

Hii ni mambo ya miaka ya tisini. Nyumba yangu iko upande ya Rangwe, lakini kwetu nilikozaliwa ni Suna, kule Migori. Ndio maana huku nilikoolewa wananiita nyar Suna, msichana wa Suna, hata sasa nywele imekuwa nyeupe yote na msichana alishaenda zake kitambo. Bwana yangu alikuwa anachimba dhahabu Masara. Alikuwa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na udongo nyekundu ndani ya masikio, na akipata kitu kidogo tunaongeza nyumba. Kwanza ilikuwa miti na udongo na mabati juu. Halafu tukapiga plasta ya simiti ndani, chumba ya kukaa wageni. Nilikuwa naringa nayo, nisidanganye mtu.

Lakini hiyo plasta ilikuwa mchanga mingi na simiti ya kunusa tu. Ukiegemea, unaondoka na mgongo kama mtu ametoka posho mill kusaga unga. Basi nikapika uji nzito ya unga, nikabandika magazeti ukuta yote. Siku hizo kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Wageni wakingoja chai wanasoma ukuta. Mimi kusoma sikuenda nayo mbali, nilitoka shule mapema nikalee watoto wa mama, kwa hivyo magazeti ingine nilibandika miguu juu kichwa chini, na watu wakawa wanakunywa chai wamepinda shingo kama kuku anaskiza mwewe. Gazeti ikizeeka, nabandika ingine juu yake. Uji ingine, gazeti ingine. Sikujua nalisha nani.

Sasa msichana yangu wa kwanza akapata mchumba. Kijana wa Lambwe, mtu ya ng'ombe na jembe, mpole, na msichana yangu alikuwa amempenda mpaka anaweka chumvi kwa uji mara mbili. Kwa desturi yetu huwezi kuenda tu hivi hivi. Kuna mtu anaitwa jagam, ndiye anashika watu wa huku na watu wa kule, anasema hawa ni wazuri, wale ni wazuri. Jagam wetu alikuwa mama moja mnene, binamu ya bwana yangu, mwenye mdomo yake haina mlango. Akaja kuangalia nyumba kabla watu wa Lambwe hawajaleta ng'ombe wa mahari.

Nikampa chai. Akainua kikombe. Mende akatoka nyuma ya gazeti, mkubwa, mafuta mafuta, akaanguka ndani ya chai, pwaa.

Jagam akaangalia ndani ya kikombe. Akaniangalia.

"Nyar Suna," akasema, "huyu naye ni wa kunywa ama wa kutafuna?"

Nilitaka ardhi inimeze. Akaweka kikombe chini polepole, akaniambia, "Skiza. Baba ya yule kijana ni mtu mwoga sana. Anaogopa bundi, anaogopa paka mweusi, anaogopa nyumba yenye haijakaa sawa. Alishawahi geuza ng'ombe wake kwa mlango ya watu, mchana, ati aliona dalili mbaya. Ondoa hii takataka yako, upake ukuta rangi ing'are. Akiona kitu yenye haimfurahishi, hiyo harusi imeisha."

Msichana yangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia anaskiza. Niliona tu vidole yake imeshika pazia kwa nguvu.

Asubuhi tukaanza kutoa magazeti. Yawa! Nisemeje. Unashika kona, unavuta, inakuja kubwa kama ngozi ya mbuzi, na nyuma yake kunahema. Mende wadogo weupe wenye hawajawahi ona jua. Mayai yao imepangwa kama maharagwe. Panya alikuwa amekula ule uji yangu wote akaacha njia, na ndani ya njia kuna mkojo yake na nywele yake. Mavi ya mjusi. Na pale karibu na kitanda ya kukalia, penye watoto walikuwa wanalala wageni wakiwa wengi, ukuta ilikuwa imechorwa mistari mistari ya kahawia. Msichana yangu akaniuliza, "Mama, hii ni nini?" Nikamwambia ni kunguni. Mtu akiumwa usiku anamshika, anamfinya kwa ukuta na kidole gumba, anarudi kulala. Hiyo mistari ni damu yetu sisi wenyewe, ya miaka. Akaweka mkono kwa mdomo akatoka nje. Mimi nikabaki, nani angebaki?

Tulifanya kazi, tusidharauliwe. Tulikwangua na panga butu mpaka uji yote ikatoka. Tukachemsha maji, tukaweka magadi, tukasugua masizi na yale mafuta ya samaki, kwa sababu nilikuwa nakaangia samaki hapo ndani mvua ikinyesha. Maji ilikuwa inashuka ukutani nyeusi kama ile ya kwanza ukiosha sufuria ya matanga. Halafu tukaosha tena na maji safi, kwa sababu ukiacha magadi kwa ukuta, itakula rangi kutoka nyuma. Nyufa tukajaza na simiti na mchanga ya kuchekecha. Ikauka. Tukapiga msasa. Ukipitisha mkono unasikia laini kama shavu.

Yote. Isipokuwa pahali moja.

Mlangoni, ukiingia mkono wa kushoto, kulikuwa na kiti ya mbao ya baba mkwe yangu, baba ya bwana yangu. Huyo mzee alikuwa ameshakufa, lakini alipokuwa hai alikuwa anakuja kwangu kila siku kwa sababu redio ilikuwa kwangu. Alipenda matangazo ya vifo kuliko chakula. Kwa heshima hakupita mlango kuingia ndani zaidi, ni mkwe yake anaishi hapo, kwa hivyo kiti yake ikakaa hapo hapo mlangoni. Na mimi kwa heshima akiingia natoka, naenda jikoni. Ndio adabu. Mke wa mtoto hakai akiangaliana na baba mkwe.

Lakini jikoni nilikuwa naskia.

Mzee alikuwa mtu ya ugoro. Anavuta, anangoja, halafu anapiga pua na kidole, phii! Na kile kidole, ndugu zangu, hakikuwa kinaenda kwa leso. Kilikuwa kinaenda kwa ukuta. Hapo kando ya bega yake. Kila siku, tangu taarifa ya saa saba mpaka vifo viishe. Na kichwa alikuwa anapaka mafuta ya ng'ombe, ile ya kunuka, anaegemea ukuta anafunga macho. Gazeti yangu hapo ilitoka zamani, ikalowa ikaanguka. Ikabaki ukuta na mzee. Juu kuna duara ya kichwa, nyeusi, inang'aa kama kiatu. Kando yake, kwa bega, kuna kitu imepandana imepandana, ya kahawia na ya kijani, imekauka kama maganda ya mti. Nikisema hii mate inajaa mdomoni, na si ya njaa.

Alipokufa nikajua sasa itaoshwa. Nani ataosha? Mimi siwezi. Jasho ya baba mkwe, mafuta ya kichwa yake, na ile ingine ndiyo hata usiseme, mke wa mtoto akigusa anatafuta chira, ile laana yenye inakonda mtu mpaka anabaki macho. Bwana yangu nikimwambia anasema, "Hiyo ni kazi ya wanawake." Tukamwuliza mama mkwe, mke wa huyo mzee mwenyewe, watoto wangu wanamwita dani, yaani nyanya. Dani akapiga fimbo chini.

"Msiguse hapo! Hapo ndipo mzee alikuwa anakaa."

Na uso ikawa ya huzuni, akaangalia mbali. Utasema nini? Nikaona ni mapenzi. Nikasema huyu mama anamkumbuka bwana yake kwa hii kamasi. Kila mtu na kumbukumbu yake.

Kwa hivyo fundi alipokuja kutoka Homa Bay na mikebe yake, nilimwonyesha. Kijana msafi, amevaa kofia ya gazeti. Nikamwambia, "Hapo hatujaosha. Kuna shida ya kinyumbani."

"Mama, wacha wasiwasi," akasema. "Rangi inafunika."

"Inafunika kamasi?"

"Inafunika kila kitu. Hata dhambi."

Akapaka. Rangi ya maji, ya krimu, kama maziwa imekaa na chai kidogo. Ukuta yote ikawa nzuri, unaona mpaka macho inauma. Na pale kwa mzee pia ikawa krimu. Fundi akaniangalia akacheka. Akala ugali yangu na kuku, akalala kwa jirani.

Asubuhi tukafungua mlango. Mzee amerudi.

Duara ya kichwa ilikuwa imetokea, ya manjano. Kwa bega kulikuwa kahawia. Fundi akakuna kofia yake, akapaka koti ingine, rangi juu ya rangi. Jioni ikatokea tena, kubwa kuliko kwanza, kwa sababu sasa mafuta ilikuwa imetembea. Akapaka tena, nzito. Ikatokea, na sasa ilikuwa na shingo. Ukisimama mlangoni unaona kabisa mtu ameketi anaskiza redio.

Yule kijana akaanza kuosha brashi yake haraka haraka. Mkebe moja ya andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini ya kupaka milango kwanza, aliisahau hapo.

"Unaenda wapi? Kazi haijaisha!"

"Mama, yangu imeisha. Hii yenye imebaki ni ya mtu ya kuomba."

Nikamwambia, "Ni mafuta ya kichwa, mjinga wewe! Mafuta haifunikwi, inaoshwa!" Alikuwa ameshafika barabarani.

Bwana yangu akafika kutoka Masara kwa sababu watu wa Lambwe walikuwa wamekaribia. Akasimama mbele ya ukuta, mtu mwenye anaingia ndani ya shimo la dhahabu amejifunga kamba, nikaona anarudi nyuma hatua mbili.

"Nyar Suna, huyu ni baba."

"Huyu ni uchafu ya baba."

"Usiongee hivyo akiskia."

Akatoka akarudi na kalenda ya dukani, iko na picha ya mtoto mnene anacheka. Akaitundika hapo kufunika kichwa na bega. Nikamwambia rangi haijakauka. Akasema imekauka. Haikuwa imekauka, haingekauka milele, rangi iko juu ya mafuta, itashika nini?

Sasa jagam akaja mara ya mwisho kuhakikisha. Akaingia, akashangaa. "Nyar Suna! Hata ikulu haiko hivi!" Akazunguka anapapasa ukuta, anasifu, mimi nimefurahi, msichana yangu amefurahi, mpaka akafika kwa kalenda. Akaona imekaa upande. Akataka kuinyoosha.

Ile kalenda ilikuwa imeshikana na ukuta. Jagam akavuta. Ikatoka na rangi yote, koti juu ya koti, ngozi moja nzito, inavutika kama utando ya maziwa ya kuchemsha. Na nyuma ya ile ngozi, imeng'ang'ania, imelainishwa na maji ya rangi mpaka ikawa kama ni ya jana, ilikuwa ile kitu ya mzee. Ikaanguka kwa mkono yake. Baridi.

Jagam akaangalia mkono. Akanusa, sijui kwa nini watu wananusanga. Halafu akakimbia nje, akainama kwa maua yangu, akatoa chai na mandazi na kila kitu.

Aliporudi alikuwa amejipangusa na leso mpaka ngozi imechubuka, na hakuwa anacheka tena.

"Nimeshika watu wengi nikawaozesha," akasema, "lakini sijawahi shika hii. Na sasa ona ukuta."

Tukaona. Pale ngozi ya rangi ilitoka, kichwa nyeusi ya mzee ilikuwa imebaki katikati ya krimu yote, wazi kama picha ndani ya fremu. Kabla ya rangi ilikuwa uchafu kati ya uchafu. Sasa ilikuwa mtu.

"Baba ya kijana akiingia hapa aone hii, atasema nyumba iko na jachien," akasema. Jachien ni roho ya mtu mwenye amekufa na hajakubali. "Hatakaa hata chini. Atageuza ng'ombe hapo kwa lango. Baada ya siku nne wanakuja. Mimi nimemaliza." Akaenda.

Msichana yangu hakulia. Nilidhani atalia. Alienda jikoni, akachukua karai, magadi, kijiko ya chuma, matambara. Akaweka maji kwa moto. Akarudi na karai ikitoa moshi, na pale mlangoni akakuta dani amesimama, fimbo imekingama.

"Dani, toka mlangoni."

"Sitoki. Nilisema hapo msiguse."

"Wewe unapenda hiyo kamasi kuliko mimi."

Bwana yangu akajifanya anaangalia mabati. Mimi nikangoja fimbo ipige mtu.

"Kupenda?" dani akasema. "Nani amekwambia naipenda?" Na uso yake ikakunjana, mdomo ikaenda upande, kama mtu ameuma ndimu yenye imeoza. "Ninaichukia! Nimeichukia tangu nikiwa msichana na matiti imesimama! Mimi ndiye nilifua shati yake, mkono ngumu kama ubao. Mimi nilifua blanketi. Akiamka asubuhi kabla ya kusema habari anapiga phii! kwa nguzo ya kitanda yangu, na mimi napangusa. Nilipomzika nililia, nililia ya ukweli, alikuwa mtu mzuri. Halafu nikarudi nyumbani nikakaa, nikasema moyoni, asante, angalau kamasi imeisha."

Akaelekeza fimbo kwa ukuta.

"Sasa nyinyi mnataka nini? Nyar Suna hawezi kugusa, ni mkwe. Huyu kijana yangu hawezi, ni mwanaume na ni mwoga. Nani anabaki? Si ni mimi mke yake! Ndio nikasema msiguse. Nilijua mkianza kuosha, mtafika kwangu."

Miaka yote hiyo! Na mimi nikiona ile uso ya huzuni nanyamaza kwa heshima, kumbe mama wa watu alikuwa anazuia kutapika.

Msichana yangu akaweka karai chini. "Dani, na mimi je? Babu alikuwa ananiita nani?"

Dani akamwangalia.

"Alikuwa ananiita bibi yake," msichana akasema. "Bibi yangu lete maji, bibi yangu washa redio. Mbele yako. Na wewe ulikuwa unajifanya una wivu."

Kwetu ni hivyo, babu na mjukuu wake hakuna aibu kati yao, wanataniana vile wanataka. Dani akaanza kutingika tumbo. Akacheka bila meno.

"Ala! Ni ukweli. Wewe ni nyieka yangu, tumeolewa na bwana moja." Akashusha fimbo. "Basi, mke mwenzangu, wewe ndiye mdogo. Mdogo ndiye anaosha. Mimi mkubwa nitakaa kwa kiti nikuonyeshe."

"Hapana. Wewe ulikula ujana yake, mimi nilipata ugoro peke yake. Tutaosha wote."

Nilikaa nje kwa kizingiti na kazi yangu ilikuwa kusukuma maji ya moto ndani na mti, nisiguse kitu. Wao walibandika matambara yenye imelowa magadi juu ya ile maganda, wakangoja ilainike. Ilipolainika harufu ikaamka. Si harufu ya kuoza, ni ya ugoro ya zamani na siagi mbovu na kitu ingine ya mwili. Bwana yangu akasema anaenda kuangalia kamba za kufungia ng'ombe. Msichana anakwangua na kijiko, amegeuza uso, mashavu imejaa pumzi. Dani anasugua kichwa, anaongea na marehemu.

"Shika! Ulikuwa unaniambia pua yako haina shida. Ona shida yako, inajaza karai!"

"Dani, usiniguse na hiyo kitambaa!"

"Unaogopa? Hii ndiyo ndoa, nyieka. Nyimbo ni ya siku moja. Baadaye ni hii."

Wakaosha mpaka plasta ikaonekana rangi ya simiti. Wakaosha na maji safi. Wakamwaga ile maji mbali nyuma ya migomba. Na hiyo migomba ilizaa vizuri, lakini mimi ndizi zake sikula, hata ungeniwekea kisu shingoni.

Tuliacha mlango wazi siku yote ukuta ikauke na upepo ya ziwa. Halafu msichana yangu akapiga msasa, akafungua ile andakoti ya mafuta yenye fundi alisahau, akapaka pale peke yake. Ikashika. Kesho yake juu akaweka krimu kidogo yenye ilibaki. Tukasimama tukaangalia kama watu wanangoja sufuria ichemke. Hakuna mtu alitokea. Mzee alikuwa ameenda.

Watu wa Lambwe wakaja na jua kali. Ng'ombe wakasimama kwa lango, na baba ya kijana akasimama nao, mtu mrefu, macho inatembea kila pahali kama ya kuku. Akaangalia mti. Akaangalia paa. Kijana yake nyuma anaangalia chini. Wakaingia. Alisimama mlangoni akaangalia chumba yote, na mimi nilikuwa kule nyuma ya pazia nachungulia.

"Nyumba imekaa sawa," akasema. "Fungeni ng'ombe."

Halafu akakaa. Viti ilikuwa imejaa chumba yote, lakini yeye, nafikiri kwa uwoga, akachagua ya karibu na mlango. Kiti ya mzee. Akaegemea. Dani alikuwa amekaa mbele yake, akatabasamu vizuri kama nyanya wa mtu.

Wakaongea mambo ya mvua na pamba. Na katikati ya pamba yule mzee wa Lambwe akaingiza mkono kwa koti, akatoa kikopo ndogo. Akagonga kifuniko. Akachukua kidogo, akavuta huku, akavuta kule. Nikaona dani ameacha kutabasamu.

Mzee akangoja, kichwa juu, macho imefunga. Phii!

Na kidole, na vile ilikuwa imejaa sitasema, ikaanza kusafiri. Polepole, bila yeye hata kuangalia. Kwa ukuta yangu. Nilitaka kupiga kelele na siwezi, ni mambo ya ukoo, ukimwaibisha mgeni hapo ng'ombe wanafunguliwa. Bwana yangu ameona, anaangalia mabati tena.

Kwa desturi bibi arusi angekaa ndani mpaka aitwe. Msichana yangu hakungoja kuitwa. Alitoka na jagi na karai, ile ile karai, akapiga magoti mbele ya mkwe yake, macho chini, adabu yote, na mkono yake ikaenda ikapokea ile ya mzee hewani kabla haijafika.

"Karibu maji, baba," akasema. "Chakula iko tayari."

Chakula haikuwa tayari. Kuku mwingine alikuwa bado anatembea. Lakini hakuna mtu wa kwetu anakataa maji ya mikono, hiyo ni kama kukataa nyumba. Mzee akafungua macho, akaona maji inamwagika kwa kidole yake, akasugua, akasugua na ingine. Akamwangalia msichana vile amepiga magoti.

"Huyu," akaambia watu wake, "amelelewa."

Yeye yuko Lambwe mpaka wa leo, watoto wake wakubwa. Watu wanaokwenda huko wananiambia nyumba yake ni safi, na mkwe yake mpaka anakufa alikuwa anakaa kwa kiti yake mlangoni na karai ya maji iko kando ya mguu, na kila mtu aliona ni heshima.

Lakini hiyo siku, wakati wageni walianza kula, mimi nilikuwa nimesimama jikoni naangalia ile maji ndani ya karai. Kulikuwa na kitu inaelea. Siwezi kuigusa, ni ya mkwe. Siwezi kuiacha, kuna nzi. Dani akaja na fimbo yake, akachungulia ndani, mdomo ikaenda upande.

"Nyar Suna, nifungulie mlango ya nyuma," akasema. "Hii naijua mimi."